Mpole, lakini wewe ukiwepo

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayetaka nikae na mbwa wake akisafiri ni hili: nani humpa chakula chake? Siulizi kwanza anakula nini, wala ana umri gani, wala ni wa aina gani. Hayo yatakuja. Nataka kuujua mkono. Nikijibiwa "yeyote aliyepo nyumbani," tuna pa kuanzia. Nikijibiwa "mimi tu, kwa mtu mwingine hagusi," tena kwa sauti ya majivuno, najua hapo kuna kazi.

Nilisomea afya ya wanyama LITA Tengeru, chuo cha mifugo cha serikali, nikauza dawa kwenye duka la mifugo kwa muda, na sasa sehemu kubwa ya riziki yangu hapa Dar es Salaam ni kukaa na wanyama wa watu ndani ya nyumba zao, wenyewe wakiwa safarini. Wateja wengine huniita daktari. Huwa nawakumbusha kwamba daktari ni yule atakayetupokea usiku mnyama akizidiwa. Mimi ni wa kumfikisha kwake mapema.

Kazi ina sura mbili. Kuna kupita, yaani naingia asubuhi na jioni, nalisha, nasafisha, naangalia hali, nafunga, naondoka. Na kuna kulala, nahamia hapo na begi langu mpaka wenyewe warudi. Watu wengi hudhani tofauti ya hizo mbili ni bei tu. Mnyama anayevumilia kupitiwa si lazima avumilie mtu kulala, na anayehitaji mtu wa kulala naye, ukimpitia tu unamtesa. Halafu wapo wasiofaa kwa yote mawili. Hao ndio wamenifanya nisikubali kuchukua ufunguo kabla sijamwona mnyama bwana wake akiwa hayupo.

Hapo ndipo tunapogombana na wateja. Mtu anakuita, unakwenda, mbwa anakunusa, anatikisa mkia, analala miguuni pako huku mnakunywa chai. Mwenye nyumba anasema, "Umeona? Hana neno." Nami nimeona mbwa mpole mbele ya bwana wake. Huyo sitakaa naye. Nitakaa na yule atakayebaki gari likishatoka getini, na huyo bado hatujatambulishana.

Mbwa wa kawaida wa Dar ni mbwa wa ulinzi. Asubuhi yuko bandani, saa nne usiku anafunguliwa geti likishafungwa, anazunguka kiwanja mpaka alfajiri. Wageni wa mchana anawaona kupitia nondo. Tangu akiwa mdogo amefundishwa, kwa makusudi au kwa mazoea, kwamba mtu asiyemjua akiingia bwana akiwa hayupo, huyo ni mwizi. Tena amefundishwa asile cha kutupiwa, maana wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta kabla hawajaruka wao. Ni mafunzo mazuri, siyalaumu hata kidogo. Ila tazama tunachomtaka mbwa huyo afanye siku ya safari. Aniache mimi, mgeni, niingie getini bwana akiwa hayupo, kisha ale nyama ya mkononi mwangu. Tunamtaka avunje yote mawili aliyolelewa nayo, kwa siku moja, na hakuna aliyemwandaa.

Mzee mmoja wa Mbezi Beach, mstaafu, alinipigia akijiandaa kwenda Rombo kwa Krismasi. Kila Desemba Wachagga wakipanda nyumbani, nusu ya mitaa ile hubaki na walinzi na mbwa. Mbwa wake ni dume kubwa, mchanganyiko wa mbwa wa Kijerumani, jina lake Simba kama nusu ya mbwa wote wa mjini hapa. Nilipofika mara ya kwanza nikamsalimia mzee shikamoo, tukakaa barazani, Simba akaja akaninusa viatu muda mrefu (viatu vyangu ni gazeti la mbwa wa mji mzima), akaenda zake kulala. Mzee akasema, "Binti, umeona mwenyewe."

Nikamwomba turudie, yeye akiwa ndani, pazia limefungwa. Mara hiyo Simba alinibwekea, akanifuata kwa mbali, mwisho akachukua kipande cha ini nilichokiweka chini. Si vibaya. Nikamwomba mara ya tatu, yeye atoke kabisa na gari, afike kituo cha mafuta, anunue gazeti, asirudi mpaka nimpigie. Alicheka, akasema nina mambo mengi kuliko ubalozi. Lakini alitoka.

Gari lilipoishia kona, nikasogea getini na kuita jina lake kwa sauti ileile ya siku zote. Simba hakubweka. Alikuja akasimama hatua chache nyuma ya nondo, mwili mbele, mkia umesimama kama mti, mdomo umefungwa, macho hayapepesi. Mtu asiyezoea angesema ametulia. Mbwa anayebweka huku akirudi nyuma anaogopa, anakuomba uondoke. Mbwa aliyenyamaza, akakaza mwili na kukukazia macho, ameshamaliza kuomba. Nilitupa ini likaanguka karibu na mguu wake. Hakuliangalia. Sikupitisha hata kidole kwenye zile nondo, nikampigia mzee arudi.

Alipofika, Simba akatikisa mkia kwetu sote wawili.

Nilipomwambia mzee siwezi, uso ulimbadilika. Wenye mbwa huchukulia hapana kama tusi kwa mtoto wao. Nikamwambia, baba, mbwa wako ana kazi na anaijua; tatizo ni kwamba mimi ndiye niliyepangwa upande wa mwizi. Kisha nikauliza tena lile swali la chakula, safari hii kwa mapana: nani mwingine huingia humu kila siku? Kumbe kuna kijana wa bustani, anakuja asubuhi sita kwa wiki, na Simba hulala kivulini karibu na mahali anapofyeka. Hajawahi kumlisha kwa sababu hajawahi kuambiwa.

Basi mpango ukawa wa kijana. Tangu mwanzoni mwa Desemba yeye ndiye aliyeshika sufuria la ugali na vichwa vya samaki. Kwanza mzee akisimama ubavuni, kisha mzee akiwa mlangoni, kisha mzee akiwa ndani kabisa. Akajifunza kufungua na kufunga banda. Mimi nikabaki mtu wa simu, na wa kupita mchana mbwa akiwa bandani, kuangalia maji, kinyesi na macho yake. Siku ya kwanza ya safari Simba hakula. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kupitisha siku bila chakula ikiwa anakunywa, kwa hiyo nilichofuatilia ni maji. Jioni ya pili alimaliza sufuria. Kwangu hiyo ni huduma ya nyumbani iliyofanikiwa, ingawa aliyeifanya si mimi na malipo yangu yalikuwa madogo.

Tahadhari moja hapo. Wengi husema, "Si tuna mlinzi?" Uliza mlinzi ni wa nani. Aliyeajiriwa na nyumba, aliyekaa hapo miaka, mbwa anamhesabu ni wa ukoo. Wa kampuni hubadilishwa bila taarifa. Mbwa anazoea sare, mtu anabadilika, na zamu ya Krismasi ndiyo huwa na sura mpya kuliko zote. Nimemkuta mlinzi wa namna hiyo amekaa juu ya tangi la maji, simu mkononi, akisubiri kukuche.

Kabla ya tabia kuna kadi. Mbwa au paka asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo bado haijapitwa na muda siendi kwake, hata akiwa wa ndugu yangu. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka kama kadi inavyoelekeza. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtu anayeingia nyumba za watu na kuingiza mikono midomoni mwa wanyama hawezi kuishi kwa matumaini. Akining'ata mnyama, hata kidogo tu, naosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kisha naenda hospitali. Mwenye nyumba anapaswa kujua hilo kabla, asije akadhani namvunjia heshima mbwa wake.

Wateja hushangaa zaidi ninapowakatalia watoto wa mbwa. Wanaleta kichanga cha miezi miwili, kizuri, kisichong'ata mtu, wanadhani ndiyo kazi rahisi. Tatizo la kichanga ni mimi. Virusi vya pavo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, hupanda kwenye nyayo za viatu, na sabuni ya kawaida haviisikii. Vinataka jiki iliyochanganywa na maji na kuachwa ikae. Mtu anayetoka nyumba hadi nyumba ndiye gari lake. Mtoto ambaye hajamaliza dozi zake za chanjo namshauri akae na watu wa nyumba yake, au aahirishiwe safari. Akibidi kupata mtu, awe mtu mmoja anayelala hapo na asiyegusa mbwa mwingine kipindi hicho chote. Mimi mwezi wa Desemba si mtu huyo.

Paka ni hadithi nyingine, na kusema kweli ndiye anayefaa kuliko wote kwa huduma hii, ingawa wenye paka ndio wenye wasiwasi mwingi. Mbwa amefungamana na mtu, paka amefungamana na mahali. Mtoe kwenye harufu zake, kochi lake na dirisha lake, umemtoa kwenye karibu kila kitu.

Bibi mmoja wa Upanga alikuwa akienda Maskati kwa binti yake aliyejifungua. Ana paka dume aliyehasiwa, mnene, jina lake Sultani, hajatoka ghorofa ya tatu tangu aletwe kwenye kapu. Bibi alikuwa ameshaamua kumpeleka Unguja kwa mpwa wake, kwa boti, kwa huruma tu: "Atabaki peke yake, mwanangu, atalia." Nikamwuliza, huko kwa mpwa kuna nani? Watoto wanne, paka wengine wawili, na kuku. Nikamwambia, bibi, huko ndiko atakakolia.

Lakini sikuchukua ufunguo papo hapo. Nilipoingia mara ya kwanza Sultani alikimbilia chini ya kitanda, nikaona ncha ya mkia tu. Bibi akaona aibu, akaanza kumsihi kwa Kiarabu na Kiswahili. Nikamwambia amwache. Kwa paka siangalii kama anapenda wageni. Naangalia kama anaweza kula, kunywa na kukojoa huku akiwa amejificha. Tukapanga bibi akalale kwa dada yake Kariakoo usiku mmoja, mimi nipite jioni na asubuhi. Nikapima chakula, nikasawazisha mchanga wa choo chake, nikabadilisha maji, nikakaa kwenye kiti sebuleni bila kumtafuta, nikaondoka. Asubuhi chakula kimepungua nusu, kwenye mchanga kuna madonge mawili ya mkojo, na Sultani yuko palepale chini ya kitanda akiniangalia kama mdai. Huyo amefaulu. Bibi alidhani amefeli kwa sababu hakunijia.

Paka aliyejificha na asiyekula ndiye ninayemwogopa. Paka, hasa mnene, akipitisha siku mbili tatu bila kula, mwili hukimbilia mafuta yake, mafuta hujaa kwenye ini, na ini huanza kushindwa kazi. Ndiyo maana jaribio la usiku mmoja ni bora kuliko maelezo ya saa nzima. Na kwa madume kuna jambo la pili, ambalo nilimwandikia bibi kwa herufi kubwa ili amwonyeshe na binti yake: dume akienda kwenye mchanga mara kwa mara, anajikaza, analia, na mchanga ni mkavu, watu husema amefunga choo, wanampa mafuta ya nazi. Mara nyingi njia ya mkojo ndiyo imeziba. Akiachwa hivyo, ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Kwa hiyo dume mwenye historia hiyo simpitii mara moja kwa siku hata kama mwenye nyumba anataka kuokoa hela. Mara mbili, na natazama mchanga kabla ya bakuli.

Ila paka wa kutoka nje anaweza kukuchekesha. Nilikabidhiwa mmoja huko Kinondoni, wenyewe wakasisitiza hali chochote ila dagaa wa kukaanga wa nyumbani. Hakula siku nzima, nikaanza kuhangaika, nikauliza jirani. Kumbe nyumba ya pili anaitwa Chausiku na hula wali, na kwa fundi cherehani anaitwa Mchumba na hunywa maziwa. Paka mwenye nyumba tatu hahitaji mtu wa kulala naye. Anahitaji mtu wa kuhakikisha amerudi.

Nirudi kwa mbwa, lakini wale wadogo wa ndani, kwa sababu hao hudanganya zaidi ya Simba. Familia moja ya Mikocheni ina kambwa keupe ka manyoya, kanamlamba kila mtu, kanalala kitandani na watoto. Mama anafanya kazi nyumbani, kwa hiyo kambwa hakajawahi kubaki peke yake zaidi ya saa ya kwenda sokoni. Walitaka nipite tu asubuhi na jioni. Tabia safi, chanjo zote, anakula kwa yeyote. Nikawaomba waache simu ya zamani ikirekodi, wafunge mlango, watoke wote. Mbwa mwenye tatizo la kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza.

Alianza kabla gari halijawashwa. Alikimbia mlangoni na kurudi dirishani, akalia kwa sauti ambayo wenyewe hawajawahi kuisikia, akakwangua mlango, mate yakamlowesha kifua, akajisaidia sakafuni ingawa alitoka nje muda mfupi kabla. Mama aliangalia video yote bila kusema kitu, mwisho akasema, "Kumbe majirani hawakuwa wanatusingizia." Baba yeye akataka kujua aadhibiwe vipi. Huyo si mtundu, ni mwoga, na fimbo itamwongezea sababu ya kuogopa.

Kupita asubuhi na jioni kungemaanisha hofu ile mara mbili kila siku, na mimi ningekuwa nalipwa kuisababisha. Kulala pia kusingetosha, maana mchana natoka kwenda nyumba nyingine. Jibu lilikuwa kwa bibi yao Kimara, ambaye kambwa anamjua, na ambaye hatoki nyumbani ila Jumapili. Sikupata kazi hiyo. Chuoni tulifundishwa zile uhuru tano za mnyama, zilizoandikwa Uingereza mwaka 1979 kwa ajili ya mifugo ya shambani, yaani awe huru na mambo haya: njaa na kiu, maradhi na maumivu, karaha ya makazi, kushindwa kuishi kwa asili yake, na hofu. Wateja huniandalia nne vizuri sana. Friji imejaa, dawa zipo, kitanda kipo, uwanja upo. Ya hofu huikuta kwenye video.

Wagonjwa wanataka hesabu tofauti, na hapa tabia si kitu kikubwa kuliko saa. Mbwa mwenye kisukari anachomwa insulini kila baada ya saa 12, pamoja na chakula. Mtu anayekaa Tegeta akisema atapita Masaki saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, hajawahi kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki siku ya mvua. Kwa hiyo mwenye sindano namlalia, simpitii. Insulini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, basi nauliza habari za umeme: ukikatika usiku, kuna jenereta, au kuna chupa ya kubebea baridi? Na nauliza dozi imetulia tangu lini. Kama amegunduliwa majuzi na daktari bado anapandisha na kushusha, mahali pake ni kliniki, si nyumbani na mimi. Tena kuna mtego: mnyama aliyesusa chakula kwa sababu bwana ameondoka, ukimpa dozi nzima sukari inaweza kushuka mpaka akayumba na kudondoka. Ndiyo kusema kisukari kikikutana na tabia ya Simba ya kutokula kwa mgeni, jibu langu ni hapana na sijadiliani.

Mwenye kifafa anayemeza vidonge bila kuruka, na anayekubali kumezeshwa, nampokea. Nataka tu ruhusa ya maandishi ya kumpeleka kwa daktari na pesa iliyoachwa, ili kifafa kikipita dakika tano nisianze kumtafuta mtu aliye angani.

Kupe nao watu huwapuuza. Kupe wa kahawia wa mbwa hapa pwani anaishi mpaka kwenye nyufa za ukuta wa banda, na homa anayoileta huchukua kama wiki moja hadi tatu kujitokeza. Maana yake mbwa anaweza kuumwa na kupe leo, ukasafiri kesho ukimwacha mzima, akaanza kudhoofika na fizi kupauka zamu ikiwa yangu. Sasa nawaambia dawa ya kupe iwekwe kabla, na siku ya makabidhiano nafunua mdomo mbele ya mwenyewe, tuone rangi ya fizi pamoja. Inapunguza maneno baadaye. Na kama nyumba ina mbwa na paka, natazama kasha la dawa yenyewe, kwa sababu dawa za mbwa zenye permethrin humuua paka.

Kasuku wa kijivu simchukui kabisa. Ni ndege wa mtu mmoja, akiachwa anaweza kujing'oa manyoya mpaka kifua kikabaki ngozi, na biashara ya kimataifa ya wale wa porini imezuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu mwanzoni mwa 2017, kwa hiyo ukimpoteza hununui mwingine dukani kwa siri ukamaliza. Samaki, karibu kwa mikono miwili. Tatizo la samaki ni dada wa kazi mwenye huruma anayewalisha kila akipita. Namwachia vijikaratasi, kila kimoja na chakula cha siku moja.

Na huyo dada wa kazi mwenyewe aulizwe. Nimeingia nyumba ambazo mwenye nyumba ameshapanga kwamba mimi nikichelewa, yeye atamfungua mbwa, na hakuna aliyemwuliza. Ni Mwislamu, mate ya mbwa kwake ni najisi, akilambwa anapaswa kujitwaharisha kabla ya swala. Hasemi, kwa heshima ya mwajiri. Matokeo yake mbwa anashinda bandani bila maji siku niliyokwama. Mimi nikiona hivyo namwambia mama wa nyumba kwa faragha: dada ashike funguo, ashike simu, mbwa tumtafutie mtu mwingine. Mara zote dada hunishukuru jikoni.

Kuna usiku mmoja unaoweza kubatilisha yote niliyoyaona kwenye majaribio, nao ni wa mkesha wa mwaka mpya. Fataki zikianza saa sita, mbwa aliyefaulu kila kitu anaweza kuruka ukuta wa futi saba. Kwa hiyo anayesafiri kupitia tarehe 31 Desemba namwuliza mwaka jana usiku huo mbwa alikuwa wapi. Wakijibu "hatujui, tulikuwa kanisani," namhesabu kuwa anaogopa: atalala ndani, chumba kisicho na kioo kikubwa, feni na redio vikiwa vimewashwa, na mimi nikiwepo. Nyumba isiyoruhusu mbwa kuingia ndani hata usiku huo, siipokei kwa tarehe hizo.

Haya yote yanataka muda, na muda ndio watu hawanipi. Kumhamishia mbwa mkono wa kumlisha kunataka wiki kadhaa, si siku. Usiku wa majaribio wa paka unataka wikendi moja. Anayeniita Oktoba, hata mbwa wake akiwa mkali, mara nyingi tunapata njia, iwe mimi, iwe kijana wa bustani, iwe bibi wa Kimara. Anayeniita tarehe 20 Desemba tiketi ikiwa mkononi, namwambia nimebakiza nafasi za paka na samaki. Hunijibu kwamba mbwa wake ni mpole sana. Namwambia sina shaka, na namtumia namba ya kliniki yenye vyumba vya kulaza.